Ndani ya Tumbo la Mbu wa Mikorosho
Hotuba kwa wakulima, maofisa ugani na wanafunzi wa sekondari, Mtwara

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa vyama vya msingi, maofisa ugani, walimu, wanafunzi wetu wa kidato cha tano na cha sita, wakulima wenzangu: asalaam alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni wazee mliokaa mbele.

Ratiba imeniweka baada ya mada ya bei ya korosho na kabla ya chakula. Najua maana yake. Wenye hasira bado wana hasira, na wenye njaa wananusa pilau. Basi nitakwenda moja kwa moja.

Mada yangu ni ovari, yaani kiungo kinachotengeneza mayai tumboni mwa jike. Si ya ng'ombe wala ya kuku, ni ya mdudu. Mzee mmoja kaniuliza pale mlangoni, "Mwanangu, umekosa la kutuambia mpaka utufungulie tumbo la mbu wa mikorosho?" Mzee wangu, nimekosa kweli, maana lililo zito kuliko hilo silioni. Mnapowahesabu mbu kwenye machipukizi mnahesabu madhara ya leo. Ovari inaonyesha madhara ya wiki tatu zijazo, na kwa mkulima mwenye lita chache za dawa na pampu ya kuazima, hiyo ndiyo hesabu yenye faida.

Mdudu mwenyewe mnamjua. Mwembamba, miguu mirefu, vipapasio virefu kuliko mwili, urefu wake hautimii sentimita moja, na mgongoni amesimamisha kipini kidogo chenye kichwa. Kipini hicho ndicho cha kumtambulia. Kitaalamu ni Helopeltis anacardii, na yuko ndugu yake Helopeltis schoutedeni. Anachoma chipukizi laini, anaingiza mate yenye sumu, na siku chache baadaye mnaona madoa meusi, majani yamejikunja na ncha imekauka kama iliyopitiwa na moto. Mwenzake, mbu wa minazi, Pseudotheraptus wayi, hupenda zaidi matunda machanga: kwenye mnazi hudondosha vidaka, kwenye mkorosho huacha madoa yanayoonekana mpaka kwenye karanga ya ndani. Salfa mnayopuliza kwa ajili ya ubwiri unga haiwagusi hawa. Ubwiri ni ukungu, hawa ni wadudu.

Wote wawili ni wa kundi liitwalo Hemiptera. Huyu tunayemwita mbu hana undugu na mbu wa malaria. Ndugu zake ni kunguni wa kitandani, vidukari wa kunde, vidung'ata vya muhogo, nzi weupe wanaoeneza batobato, na nyenje wanaotupigia kelele mikoroshoni. Wote wana mdomo uliogeuka kuwa sindano, na karibu wote wana ovari ya mtindo mmoja ambao ndio umenileta hapa.

Sasa twende tumboni. Unamkamata jike akiwa hai. Unamlaza kwenye kisahani chenye maji ya chumvi hafifu, gramu saba hadi tisa kwa lita, kwa sababu maji matupu huvimbisha seli na kuzipasua. Chini ya hadubini ndogo unashika ncha ya tumbo lake kwa kibanio chembamba, unashika kifua kwa kibanio kingine, unavuta taratibu. Utumbo unatoka, na pembeni yake zinatoka ovari mbili, kulia na kushoto. Kila moja ni fungu la mirija myeupe. Wataalamu huita kila mrija ovarioli. Mimi leo nitasema mrija wa mayai. Kwa kunguni wa kitandani na kwa wengi wa ukoo huu wa kunguni, mirija ni saba kila upande. Juu kabisa kila mrija una uzi mwembamba, na nyuzi hizo hukutana na kuifunga ovari mahali pake. Chini, mirija yote humwagia kwenye mfereji wa upande huo, mifereji miwili inaungana kuwa mmoja, na hapo ndipo njia ya kutokea.

Kwa hadubini hiyo ndogo hilo ndilo unaloliona. Ili kuona seli lazima uikate. Ovari inazamishwa kwenye dawa ya kuzuia isioze, inakaushwa kwa spiriti kidogo kidogo, inaingizwa kwenye nta, kisha inakatwa kwa mashine vipande vya mikromita tano hadi saba. Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo vipande mia mbili vya mikromita tano vikilazwa juu kwa juu vinatimiza milimita moja. Kisha rangi mbili: hematoksilini inayopaka nukliasi, yaani chumba cha seli kinachotunza maagizo ya urithi, buluu ya zambarau, na eosini inayopaka vilivyobaki waridi. Wanafunzi, hizi rangi mnazijua kwenye kitabu, leo mtaziona.

Sasa nieleze mtindo wenyewe, na nitautolea mfano wa shughuli, yaani sherehe, maana huku Kusini pesa ya korosho ikishaingia hakuna asiyeijua shughuli. Yai changa ni mgeni anayehitaji kushibishwa. Kwa panzi, kila mgeni anajipikia mwenyewe: yai changa linategemea nukliasi yake kutengeneza linachohitaji. Kwa kipepeo na nzi, kila mgeni amekuja na wapishi wake wachache na amekaa nao bega kwa bega. Kwa kundi hili la Hemiptera wapishi wote wamebaki jikoni, mwisho mmoja wa ua, wageni wamepanga foleni nje, na kila mgeni ana mrija wake mwembamba unaotoka jikoni mpaka mdomoni.

Mwishoni mwa juu kwa kila mrija wa mayai pana chumba kilichovimba, trofari. Ndiyo jiko. Humo zimejaa seli za kulisha, na chini ya hadubini kinachokushangaza ni nukliasi zake: kubwa, nzito, zimelewa rangi ya buluu. Ni kubwa kwa sababu seli hizo zimenakili maagizo yao ya urithi mara nyingi bila kugawanyika. Seli ya kawaida ina nakala mbili za maagizo, hizi zina nyingi, kwa hiyo zinafanya kazi ya seli nyingi kwa wakati mmoja. Katikati ya chumba pana uwanja usio na nukliasi hata moja, wa waridi tupu, wenye michirizi. Seli za kulisha za pembeni zimefungua milango yao kuelekea uwanja huo. Hazina ukuta kamili upande wa ndani, zinamimina.

Kutoka kwenye uwanja huo zinashuka kamba za lishe. Hapo ndipo mimi huwa nachelewa kuondoka kwenye hadubini. Kamba moja kwa kila yai changa, nyembamba, zimenyooka, zinapita katikati ya mayai mengine bila kuchanganyikana, kila moja inafika kwa mwenyewe. Mwaka 1970 watafiti wawili, Macgregor na Stebbings, walieleza waliyoyaona kwa hadubini ya elektroni katika mdudu wa majini wa kundi hilihili, Notonecta glauca, anayeogelea chali. Ndani ya kamba hizo walikuta mikrotubuli kwa maelfu, mirija midogo mno ya protini, imelala sambamba kufuata urefu wa kamba. Kupitia humo hushuka ribosomu, yaani mitambo ya kutengenezea protini, pamoja na nakala za maagizo ya urithi, mpaka kwenye yai. Kiinitete kitakapoanza kukua ndani ya chipukizi la mkorosho wako, kitakuwa kinatumia mitambo iliyotengenezwa na seli za kulisha, si na yai lenyewe.

Kuna jambo mwanafunzi makini ataliuliza: hizo seli za kulisha zimetoka wapi? Ni dada za mayai. Zimetokana na seli zilezile za mwanzo, zikagawanyika bila kuachana kabisa, zikabaki zimeunganishwa na vijidaraja. Baadhi yake zikawa mayai, nyingi zikawa walishi. Mgawanyo huo huanza mdudu akiwa bado tunutu asiye na mabawa. Kwa hiyo tunutu mnayemdharau kwa sababu ni mdogo tayari ameshajenga jiko.

Chini ya jiko ndipo mayai yanapokua, kwenye sehemu iitwayo vitelari. Yamepangwa kwa ukubwa: madogo juu, makubwa chini, karibu na mlango. Kila yai limevikwa safu moja ya seli za folikuli, na katika wengi wa kundi hili kila seli ya folikuli ina nukliasi mbili, jambo ambalo mkitazama kwa utulivu mtalithibitisha wenyewe. Jiko halitengenezi kiini cha yai. Kiini, ule utajiri wa protini na mafuta, hutengenezwa mbali, kwenye tishu ya mafuta iliyotapakaa tumboni, ukasafiri ndani ya damu ya mdudu isiyo nyekundu, ukafika nje ya yai. Utaingiaje wakati yai limezungukwa na seli zilizobanana? Seli za folikuli zinasinyaa. Zinaachana pembeni, nafasi zinafunguka katikati yake, na protini inapita mpaka kwenye ngozi ya yai na kumezwa. Kwenye slaidi nafasi hizo zinaonekana wazi: vistari vyeupe kati ya seli, na ndani ya yai matone ya waridi yaliyokolea yakiongezeka kuanzia pembeni.

Anayetoa amri ya kusinyaa ni homoni inayotoka kwenye kitezi kidogo nyuma ya ubongo. Aliyefungua njia ya jambo hili ni Mwingereza Vincent Wigglesworth, mwaka 1936, akitumia Rhodnius prolixus, kunguni mnyonya damu wa Amerika ya Kusini. Kazi yake haikuwa ya upole. Mdudu yule anaweza kuishi muda mrefu bila kichwa, basi aliwakata vichwa. Waliokatwa mbele, kitezi kikabaki, waliendelea kukuza mayai. Waliokatwa nyuma, kitezi kikaondoka na kichwa, mayai yao yalianza, yalipofika hatua ya kuwekewa kiini yakakwama na kuharibika. Na kinachokiamsha kitezi hicho kwa jike ni, pamoja na mambo mengine, mlo. Kunguni wa kitandani asiponyonya damu huacha kutaga. Jike wa kundi hili akikosa chakula anaweza hata kuyayeyusha mayai aliyokwisha kuyaanza na kurudisha mali mwilini mwake. Wale mnaolala nyumba za wageni mkiwa safarini, mkiumwa usiku, mjue mmechangia.

Yai likikaribia kukamilika, kamba yake ya lishe inakatika. Seli za folikuli zinaziba nafasi zao na kuanza kazi ya mwisho: kujenga ganda, tabaka juu ya tabaka. Ganda hili linastahili kutazamwa kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Yai la mbu wa mikorosho ni refu, limepinda kidogo, halifiki milimita mbili. Kichwani lina kifuniko ambacho tunutu atakisukuma siku ya kutoka, na pembeni ya kifuniko zimesimama nyuzi mbili nyeupe, moja ndefu kuliko nyingine. Nyuzi hizo ni njia za hewa. Zimejengwa mle mle ndani ya ovari, kabla yai halijauona ulimwengu, kwa sababu mama atalizamisha yai lote ndani ya nyama ya chipukizi kwa kifaa chake cha kutagia, na pasipo mrija wa kupumulia litakosa hewa humo. Zikikamilika, seli za folikuli hufa. Yai linashuka, linapokea mbegu za dume zilizohifadhiwa karibu na mlango, linatoka. Mahali lilipokuwa panabaki mabaki yenye rangi ya manjano, na yai la nyuma yake linasogea.

Sasa nirudi shambani, kwa sababu naona mgeni rasmi anatazama saa.

Jambo la kwanza ni ile foleni. Mbu huyu hatagi mayai yote siku moja akamaliza. Kila mrija una yai moja lililoiva, la pili nyuma yake likijazwa kiini, la tatu likinyonya kamba. Ataga leo machache, kesho machache, kwa wiki kadhaa, maadamu machipukizi laini yapo. Mtu anayepuliza mara moja tu, akawaona wamekufa, akarudi nyumbani na kujisifu, ameua waliokuwa nje. Waliomo ndani ya chipukizi hawajafikiwa na dawa. Wanatoka baada ya wiki moja au zaidi kidogo kutegemea joto, na mkulima anaanza kulalamika kwamba dawa ni feki. Feki zipo, sikatai, lakini mara nyingi ni mayai.

La pili ni dirisha. Jike akitoka tu kujivua ngozi yake ya mwisho, ovari yake ni tupu. Ukimpasua siku hiyo utakuta mirija myembamba, inayopenya mwanga, jiko lipo na foleni ipo lakini kiini hakuna hata tone. Zinapita siku kadhaa za kunyonya mkorosho kabla yai la kwanza halijaiva. Ukipasua majike kumi kutoka shambani, ukakuta wengi wana mirija mitupu, bado una muda: kagua, panga, puliza pale tu walipo. Ukikuta wengi wana mayai meupe makubwa yenye nyuzi mbili tayari, umeshachelewa kwa kizazi hicho, na ujiandae kurudi shambani mara ya pili tunutu watakapotoka. Ndiyo maana mimi si rafiki wa kupuliza kwa kalenda. Kalenda haimjui mbu wa Tandahimba wala mvua iliyochelewa Nachingwea. Machipukizi yakitoka mapema mwaka huu, ovari nazo zitajaa mapema.

Ofisa ugani atasema hana hadubini. Kweli. Lakini shule nyingi za sekondari zenye mchepuo wa sayansi zinayo walau moja, na mara nyingi imefungiwa kabatini ikisubiri mtihani wa vitendo. Upasuaji wa kutazama mirija mitupu au iliyojaa hauhitaji nta wala rangi; unahitaji maji ya chumvi, vibanio viwili na mwanafunzi asiyetetemeka mkono. Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, kipo hapa hapa mlangoni petu, kwa hiyo wa kuuliza mnaye. Na kwa mkulima asiye na chochote, chukueni lenzi ya mkononi mkatazame vishina vya machipukizi na mishipa ya majani. Yai hamtaliona. Zile nyuzi mbili nyeupe mtaziona zimechomoza.

La tatu ni majimoto, wale sisimizi wanaoshona viota vya majani mitini. Najua wanauma, na najua wapo wanaowachoma viota ili wavune kwa raha. Lakini majimoto hapumziki, hana kalenda, anakamata tunutu na anamfukuza jike kabla hajapata pa kutaga. Na jike asiyetulia kula hajazi kiini. Mti uliotawaliwa na majimoto hupata madhara machache ya mbu wote wawili. Shida ni kwamba dawa mnayompulizia mbu inamuua na majimoto, na akiondoka huyo, sisimizi mdogo mwenye kichwa kikubwa huchukua mti na kumzuia asirudi. Kwa hiyo kabla hujapuliza mti wenye viota, simama kwanza uuangalie.

Ndugu hao wengine nitawapitia haraka. Vidukari wa kunde na mbaazi wana jiko dogo, seli za kulisha makumi machache tu kwa mrija, lakini wamefupisha njia kwa namna ya kutisha: majike wanazaa bila dume, watoto wanakua wakiwa ndani ya mirija ya mayai, na ndani ya mtoto ambaye hajazaliwa, ovari yake imeshaanza kukuza mjukuu. Ukikata slaidi moja unapata vizazi vitatu. Vidung'ata wamekwenda kinyume: mirija mifupi, mingi mno, kila mmoja una yai moja tu na seli za kulisha za kuhesabika kwa vidole. Kidung'ata cha muhogo, aliyeingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini miaka ya 1970, ni majike watupu, na kila mmoja hutaga mamia. Hakushindwa kwa dawa. Alishindwa kwa nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, aliyeletwa kutoka kwao na kuachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981, kazi iliyompatia Hans Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Wazee wa muhogo mliokuwepo mnaikumbuka ile njaa, sina haja ya kuwasimulia.

Mwanafunzi wa nyuma pale ameinua mkono tangu mwanzo. Anauliza kwa nini mdudu asijipikie kama panzi, ya nini jiko lote hili. Swali zuri. Jibu la karibu ni kasi: nukliasi moja ya yai haiwezi kutengeneza ribosomu kwa haraka kama mamia ya nukliasi kubwa zikishirikiana. Lakini usilichukue kama sheria, kwa sababu wapo wadudu wanaojipikia na wanataga kwa wingi vilevile. Hilo mkalitafute chuo kikuu.

Tumeweka hadubini tatu meza ya kulia. Ya kwanza ina ovari nzima ya jike aliyejaa, nayo haina rangi. Ya pili ina jiko na kamba za lishe; zungusha skrubu ndogo tu, ile kubwa ukiizungusha utavunja slaidi na sina nyingine. Ya tatu ina ganda la yai na nyuzi zake. Wazee watangulie, wanafunzi wafuate, na pilau halitaisha, nimeshaongea na akina mama.